Muziki Nao Una Arudhi Yake: Somo la Ngoma Tatu za Kakamega

Mshairi wa Pwani akiletewa shairi la mtu asiyemjua, haanzi kwa kuuliza lasema nini. Huanza kwa kulihesabu. Hupima mizani kwa vidole, akatazama vina vya kati na vya mwisho, akasikiliza kama ukwapi na utao vyalingana, ndipo aingie katika maana. Hafanyi hivyo kwa kuidharau maana. Ajua ya kwamba shairi ni nyumba, na nyumba isiyo na nguzo haikaliki hata ikitandikwa mazulia ya Uajemi.

Chukua mstari huu mmoja: "Ngoma moja haitoshi, tatu huitikiana." Hesabu silabi zake, utapata nane mbele na nane nyuma, jumla kumi na sita. Sasa uandike hivi: "Ngoma moja haitoshi, tatu zaitikana." Maana ni ile ile, lakini kipande cha pili kina mizani saba. Kimechechemea. Mtu aliyezoea mashairi atalisikia kosa hilo hata kabla hajainua kidole kuhesabu.

Jambo hilo tulilolizoea katika ushairi ndilo lifundishwalo katika vyuo vikuu kwa wale wanaosomea utunzi wa muziki. Mwanafunzi hafundishwi kupiga ala peke yake. Hufundishwa wimbo wasimamaje: waanzia wapi, warejea wapi, ni kipi kinachorudiwa na ni kipi kinachobadilika, na kwa nini msikilizaji huhisi kwamba umekwisha hata kabla waimbaji hawajanyamaza. Somo hilo huitwa muundo wa muziki. Leo twataka kulizungumza, na mahali tulipopachagua pa kulitazamia ni Kakamega, magharibi ya Kenya.

Msomaji wa Lamu au Mombasa huenda akauliza, Kakamega yatuhusu nini? Yatuhusu sana. Mumias, ambayo leo imo ndani ya kaunti ya Kakamega, ilikuwa kituo cha misafara ya Waswahili katika karne ya 19. Mzungu Joseph Thomson alipofika huko mwaka 1883 alikuwa pamoja na wapagazi wa Pwani, na njia ile haikuwa ngeni kwa watu wetu. Uislamu ulishika mizizi pale, na adhana yasikika Mumias mpaka hivi leo. Basi ni nchi tuliyoizuru zamani kwa biashara na kwa dini. Safari hii tuizuru kwa elimu.

YANAYOFUNDISHWA CHUONI

Kwanza tujue mwanafunzi wa muziki hukutana na nini. Katika Kenya muziki husomwa kwa shahada katika vyuo kadha, kikiwamo Chuo Kikuu cha Kenyatta karibu na Nairobi, na Chuo Kikuu cha Maseno, ambacho hakiko mbali na Kakamega. Popote aingiapo, mwanafunzi hakosi kupitia mlango mmoja ulio mkongwe, nao ni wimbo wa sauti nne: soprano na alto kwa sauti za juu, tena na besi kwa sauti za chini. Mwalimu mkuu wa mlango huo ni Mjerumani Johann Sebastian Bach, aliyeishi tangu 1685 hata 1750. Tenzi za kanisa alizozipanga kwa sauti nne zilikusanywa baada ya kufa kwake katika kitabu chenye tungo 371, na wanafunzi wa dunia nzima huzichambua nota kwa nota kama sisi tunavyozichambua tungo za Muyaka.

Sheria zake ni kali. Moja yasema kwamba sauti mbili zisipande wala kushuka sambamba zikiwa zimeachana kwa nafasi ya nota tano au nane. Mwalimu akiliona kosa hilo hutia wino mwekundu, kama vile malenga wetu angetia mtu alama kwa kurudia neno lile lile badala ya kina.

Baada ya hapo huja maumbo ya tungo. Huandikwa kwa herufi ili yaonekane kwa jicho. Utungo wenye sehemu mbili huitwa AB. Ule unaotoka nyumbani, ukatembea, ukarudi nyumbani, huitwa ABA. Ukirudi nyumbani mara nyingi kila baada ya matembezi, huwa ABACA. Halafu liko umbo kubwa la sonata, ambamo lahani mbili huletwa, hugombanishwa katikati, kisha hupatanishwa mwishoni katika sauti moja. Mtunzi Mzungu wa zama za Mozart na Beethoven hakuweza kuitwa mtunzi kama hakulimudu umbo hilo.

Elimu hiyo ni nzuri na hatuna ugomvi nayo. Mtu akijua sheria za watu wengine huongezeka, hapungui. Lakini tazama jambo hili. Katika nchi nyingi za Afrika watu wakiimba pamoja huimba sambamba: mmoja ashika lahani, mwenziwe huipokea juu yake au chini yake, wakaenda wote bega kwa bega. Hivyo ndivyo bibi zao walivyoimba shambani na kwenye harusi. Mwanafunzi akiandika vile alivyomsikia bibi yake akiimba, huenda akarudishiwa karatasi yenye wino mwekundu. Si kwamba bibi alikosea. Amepimwa kwa pishi ya soko jingine.

Swali basi ni hili: pishi ya soko la Kakamega i wapi?

NGOMA TATU

Kakamega ni nchi ya Waisukha na Waidakho, ndugu wawili katika kabila kubwa la Waluhya. Ngoma yao mashuhuri ni isukuti. Mgeni wa Pwani akienda Shinyalu au Khayega siku ya kupiganisha mafahali, ataisikia kabla hajawaona hao mafahali wenyewe. Huchezwa pia mtoto azaliwapo, katika jando, katika harusi, katika matanga, na hata katika mikutano ya serikali.

Jina la ngoma hii latokana na ala zenyewe, nazo ni tatu: kubwa, ya kati na ndogo. Pamoja nazo hupulizwa pembe ya swala na hutikiswa njuga za chuma. Manju mmoja huongoza kwa maneno, na wachezaji, wanaume katika safu yao na wanawake katika yao, humwitikia. Mtu wa Mombasa aliyeona msondo, vumi na chapuo zikipigwa pamoja hatashangaa. Atajua kwamba yuko kwa jamaa.

Ngoma hizo tatu hazipigi pigo moja. Kila moja ina maneno yake, na wimbo hukaa baina yao. Hapa ndipo penye elimu, nami naomba msomaji anivumilie nifanye hesabu ndogo.

Itazame saa ya ukutani. Ina nambari kumi na mbili katika duara. Mpigaji wa kwanza tumwambie apige kwenye 12, 3, 6 na 9. Hayo ni mapigo manne yaliyolingana. Mpigaji wa pili tumwambie apige kwenye 12, 4 na 8. Hayo ni mapigo matatu, nayo yamelingana vile vile. Wakianza pamoja watakutana mahali pamoja tu, pale juu kwenye 12, kisha kila mtu ashike njia yake mpaka duara limalizike. Lakini msikilizaji hasikii watu wawili. Asikia pigo la tatu lililochanganyika: 12, 3, 4, 6, 8, 9. Pigo hilo halikupigwa na mtu yeyote peke yake. Limezaliwa na ule mkutano. Na mpigaji wa tatu akijua kazi yake, huziba pengo pale penye pengo, au huliacha makusudi ili mguu wa mchezaji uingie.

Huo ni mfano wa hesabu tu, wala sikuunakili kutoka katika wimbo wowote. Lakini kanuni yake ndiyo iliyo katika ngoma nyingi za bara hili: kumi na mbili hugawanyika kwa mbili, kwa tatu, kwa nne na kwa sita, na wapigaji hodari hukaa kila mmoja katika mgawanyo wake bila kupotezana. Kijana asiyejua kusoma nota hata moja aweza kufanya hivyo kwa saa nzima. Je, tumwite mtu huyo hana elimu ya muundo? Labda elimu anayo, ila haijaandikwa.

KHALIL NA NYUNDO ZA BASRA

Sisi tuliosoma vyuoni kabla ya kuona shule tuna mahali pa kushika katika habari hii. Mwalimu alitufunza kwamba madda yavutwa harakati mbili, au nne, au sita, wala mtu hajichagulii. Kisomo cha Qurani si wimbo, na haifai kuviweka pamoja. Lakini ni kisomo kilichotuzoeza tangu utotoni kwamba sauti ina vipimo, na kwamba vipimo hivyo hufundishwa na mwenye ujuzi, mdomo kwa mdomo.

Wanazuoni wetu wa kale walilipeleka jambo hilo mbali. Katika karne ya 8, huko Basra, Khalil bin Ahmad al-Farahidi aliziweka bahari za ushairi wa Kiarabu katika kanuni zilizoitwa arudhi. Yasimuliwa kwamba siku moja alipita katika soko la wafua shaba, akasikia nyundo zikigonga, na katika kugonga kule akatambua mpango. Alipata bahari kumi na tano, na mwanafunzi wa elimu yake al-Akhfash akaongeza ya kumi na sita. Washairi wa Kiarabu walikuwa wakitunga kwa bahari hizo tangu zamani, kabla ya Khalil kuzaliwa. Yeye hakuwafunza kutunga. Aliwaonyesha kile walichokuwa wakikifanya.

Halafu akaja al-Farabi, aliyefariki mwaka 950, akaandika kitabu kikubwa juu ya muziki, chenye ngazi za sauti, nafasi baina ya nota, na vipimo vya mapigo. Na katika karne ya 13 huko Baghdad, Safi al-Din al-Urmawi akaandika Kitab al-Adwar, yaani Kitabu cha Maduara. Kwa nini maduara? Kwa sababu mapigo ya muziki aliyachora katika duara, kama ile saa yetu ya ukutani, ili msomaji aone pigo likizunguka na kurudi lilipoanzia.

Najua ikhtilafu ya wanazuoni juu ya ala ni ya zamani, na makala haya hayatoi fatwa. Yatosha kusema kwamba wale walioandika vitabu hivyo waliiona habari ya sauti na vipimo vyake kuwa elimu, jirani ya hesabu na ya nyota. Hata ala ya kanuni inayopigwa katika taarabu ya Unguja ina jina ambalo maana yake ni sheria.

Nayataja haya kwa sababu yafaa Kakamega. Nota za Kizungu huandikwa katika mstari ulionyooka, ukakatwa vipande kwa mistari ya wima, na kwa kawaida pigo la kwanza baada ya kila mstari ndilo lenye uzito. Ngoma tatu zikipigwa kila moja na mgawanyo wake, ule mstari wa wima utauweka wapi? Ukiuweka panapomfaa mmoja, umewadhulumu wawili. Duara halina dhuluma hiyo. Mwanafunzi wa utunzi akifundishwa kuchora isukuti katika duara, sambamba na kuiandika kwa nota, ataona kwa jicho yale ambayo mikono ya mpigaji yayajua kwa mazoea.

NENO NA SAUTI YAKE

Liko jambo jingine ambalo mtunzi hawezi kuliepuka, nalo ni lugha. Sisi Waswahili tuna mkazo. Neno "barabara" likitiwa mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho ni njia ya magari. Mkazo ukirudi nyuma silabi moja, ni kazi iliyofanywa sawasawa. Mtunzi wa lahani akiweka nota nzito mahali pasipo pake, ataimba njia ya magari hali yeye alitaka kusifu kazi.

Lugha za Waluhya ni ngumu zaidi katika hilo, kwani ni lugha za toni. Neno laweza kubadilika maana kwa kupanda au kushuka kwa sauti. Kwa hiyo lahani ya wimbo wa isukuti haikutokea ovyo. Imefuata maneno kama mto unavyofuata bonde. Sasa mchukue mwanafunzi aliyefunzwa sauti nne za Bach, umpe wimbo huo aupange. Soprano itabaki na lahani ya asili, lakini alto, tena na besi zitakuwa na njia nyingine, na maneno ni yale yale. Sauti moja yapanda pale neno linapotaka kushuka. Kwa sikio la mgeni wimbo umependeza. Kwa sikio la mzee wa Isukha, waimbaji watatu katika wanne huenda wakawa wanasema maneno yasiyoeleweka.

Taabu hii si ya Kenya peke yake. Huko Ghana, Ephraim Amu, aliyezaliwa 1899 na kufariki 1995, aliishughulikia maisha yake yote, akitafuta namna ya kuandika nyimbo za kwaya ambazo lahani yake haiyavunji maneno ya Kiewe na Kitwi. Hakuitupa elimu ya sauti nne. Aliilazimisha itii lugha.

WALIOVUKA MTO

Wako waliokwisha kuonyesha kwamba kazi hii yawezekana, na mfano mkubwa kuliko yote umetoka kwetu Pwani. Kenya ilipokaribia uhuru mwaka 1963, kamati ya wanamuziki watano ilipewa kazi ya kutengeneza wimbo wa taifa. Nao ni Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi. Hawakuagiza lahani London. Walichukua wimbo wa kumbembelezea mtoto wa Wapokomo wa Mto Tana, waliopewa na Mzee Meza Moroa Galana, wakautazama muundo wake, wakaupa beti, upatanifu wa sauti na mwendo wa heshima. Mama wa Kipokomo alimlaza mwanawe kwa lahani hiyo, na leo taifa zima husimama wima ikipigwa. Hicho ndicho tunachokiita utunzi uliojua ulikotoka.

Kakamega nayo ina mwanawe. George Mukabi, aliyetoka Kisa upande wa Butere na kufariki mwaka 1963, alipiga gitaa kavu kwa mtindo uitwao omutibo na akaimba kwa Kiswahili kilichovuka mipaka ya Kenya. Kidole gumba kilishika besi, kidole cha shahada kikajibu kwa lahani, na pembeni mtu akikwaruza chupa ya soda kuweka pigo. Sikiliza vizuri utasikia sauti tatu zinazoitikiana, kila moja na njia yake, katika mikono ya watu wawili tu. Mukabi hakupata shahada ya muziki. Lakini mwenye shahada akitaka kujua jinsi mambo ya ngoma yanavyoweza kuhamia katika ala ya nyuzi, hana budi kukaa miguuni pake.

Yuko pia Arthur Kemoli, Mluhya, mhadhiri wa fasihi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, aliyezipanga nyimbo za kienyeji kwa kwaya zikaimbwa sana. Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza mwaka 1927, lilifungua mlango kwa nyimbo za namna hiyo, na shule za magharibi zimejipatia sifa kwazo. Na Uganda yuko Justinian Tamusuza, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Makerere, aliyeandika muziki wa ala nne za nyuzi ukiwa na mapigo na lafudhi ya muziki wa Kiganda. Kundi la Marekani liitwalo Kronos Quartet liliutia katika sahani yake ya mwaka 1992, Pieces of Africa, na watu wa Ulaya na Marekani wakausikiliza.

Hawa wote hawakubandika mapambo ya Kiafrika juu ya kuta za Kizungu. Waliuchunguza msingi kwanza.

SAA HAISUBIRI

Kwa nini tuyaseme haya sasa? Kwa sababu mwaka 2014 shirika la UNESCO liliitia isukuti katika orodha ya urithi wa utamaduni unaohitaji kuokolewa kwa haraka. Msomaji na aangalie neno hilo, kwa haraka. Si orodha ya sifa. Ni orodha ya wagonjwa.

Sababu zilizotolewa ni za kusikitisha na wala si ngeni kwetu. Wajuzi wengi wa isukuti ni wazee na hawana wa kuwarithi. Vifaa vya kutengenezea ala na mavazi vyakosekana, na fedha hazitoshi. Watazamaji wapenda burudani za kisasa. Na iko sababu moja inayogusa moja kwa moja somo letu la leo: watunzi wengi wameikimbilia miziki yenye soko. Maana yake ni kwamba hata pale ngoma inapopigwa, aghalabu ni zile nyimbo za zamani zirudiwazo. Ngoma isiyotungiwa wimbo mpya ni kama lugha isiyozaliwa watoto wa kuisema.

Hapa Pwani tusicheke. Ni vijana wangapi leo wawezao kupuliza zumari? Ni wangapi wajuao maqamu ya wimbo wanaoupiga, na si kuugeza tu kutoka katika simu? Wajuzi wetu nao waondoka mmoja mmoja, na kila mmoja azikwa na kitabu ambacho hakikuandikwa.

SHERIA ZA KUTUNGA

Mwaka 1954 Sheikh Kaluta Amri Abedi alitoa kitabu chake Sheria za Kutunga Mashairi. Malenga wa Pwani walikuwa wakizijua sheria hizo tangu mababu, lakini kwa sikio. Yeye aliziandika, akazipa majina na mpango, na tangu siku hiyo mtoto wa Songea au wa Kisumu, asiyemjua malenga hata mmoja, aliweza kujifunza. Ni kweli kwamba baadaye walitokea waliozikataa. Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, ugomvi wa mashairi yasiyo na vina uliwaka katika kurasa za magazeti. Lakini hata ugomvi huo uliwezekana kwa sababu sheria zilikuwa wazi mezani. Mtu huvunja mwiko anaoujua. Asiyeujua hakuvunja kitu, amejikwaa tu.

Isukuti yahitaji mtu wa kuifanyia kazi kama ya Khalil na ya Sheikh Amri. Mwanzo upo. George Senoga-Zake, yule yule wa kamati ya wimbo wa taifa, alichapisha mwaka 1986 kitabu juu ya muziki wa kienyeji wa Kenya, kikieleza ala na ngoma za makabila. Lakini kueleza ala ni jambo moja, na kutoa sheria za kutunga ni jingine. Mtunzi kijana ataka kujua: manju akibadilisha maneno, ngoma zibadilikeje? Kiitikio kiingie wapi katika duara? Ni wakati gani ngoma moja yaruhusiwa kutoka katika pigo lake, na yarudije? Wimbo wa harusi watofautianaje kwa muundo, mbali na maneno, na wimbo wa matanga? Majibu ya maswali hayo hayamo vitabuni kwa ukamilifu. Yamo katika mikono ya wazee.

Na hapo ndipo chuo kikuu kinapohitajika, na ndipo kinapostahili kulaumiwa kikizubaa. Kakamega mjini kuna Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Masinde Muliro, kilichopata hadhi kamili mwaka 2007. Maseno iko jirani. Uwanja wa Shinyalu ni mwendo mfupi wa gari. Mwanafunzi wa utunzi katika nchi ile hana udhuru wa kusema kwamba mwalimu yuko mbali.

Sisemi vyuo viache kumfundisha Bach. Nasema mwanafunzi na apimwe kwa mizani mbili. Aweze kupanga sauti nne bila kosa, na aweze pia kukaa kwenye ngoma ya kati, ashike pigo lake huku kubwa na ndogo zikimvuta huku na huku, kisha aliandike katika karatasi, kisha atunge lake jipya ambalo wazee watalikubali. Mtihani huo wa mwisho ndio mgumu, na watahini wake wasiwe wahadhiri peke yao.

Wako watakaosema kwamba mzee wa ngoma hana shahada, atafundishaje chuo kikuu? Na tuwaulize: aliyewapa wanakamati wa 1963 lahani ya wimbo wa taifa alikuwa na shahada gani? Sisi Waislamu twajua ijaza, yaani idhini anayopewa mtu na mwalimu wake, naye aliipata kwa mwalimu wake, kwenda nyuma mpaka chimbuko. Elimu yetu ilisafiri Hadhramaut, Lamu na Unguja kwa njia hiyo bila cheti cha serikali, na haikupungua uzito. Mpiga isukuti aliyefunzwa na baba yake, aliyefunzwa na babu yake, ana silisila. Chuo kikuu na kiitambue, kimpe kiti, kimlipe ujira wa mwalimu, si posho ya mtumbuizaji siku ya mahafali.

Mtoto wa Kakamega aliyeingia chuo kikuu kusoma utunzi huenda anafikiri kwamba anakwenda kuanza elimu ya muundo wa muziki. Ukweli ni kwamba aliianza siku alipobebwa mgongoni na mama yake katika safu ya wachezaji, mguu wa mama ukigonga ardhi pale ngoma tatu zinapokutana. Kazi ya mwalimu wake ni kumwonyesha kwamba kile alichokisikia kina jina, kina hesabu, na kina heshima mbele ya watu wa elimu. Akilijua hilo, ataweza kukaa na Bach kama mgeni akaavyo na mwenyeji, kila mmoja na nyumba yake. Asipolijua, atakuwa na shahada mkononi na wimbo wa kuazima kinywani, na siku ngoma tatu za Isukha zitakaponyamaza hatajua ni nini kilichompotea.